Msusi wa Chumba cha Mawimbi

Siku Bi Vitana alipoingia kwetu kwa mara ya kwanza, watoto wawili walikuwa wanalia, wa tatu amejificha chini ya meza, na Daktari amepiga magoti sakafuni akiwa na jeli mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu, kama kazi yangu inavyotaka, na nilikuwa nimeandika: "Saa tatu na dakika ishirini. Kofia imevuliwa mara ya nne. Mtoto amemwambia Daktari hana adabu."

Bi Vitana alisimama mlangoni akautazama mkorogo ule wote.

"Haya," akasema, "nani kafiwa?"

Watoto wakanyamaza, na yule wa chini ya meza akachungulia. Bi Vitana akachomoa kitana kutoka kwenye nywele zake, kile chenye mkia mrefu mwembamba wa chuma, akajikalisha kwenye kigoda na kupigapiga paja lake kwa kiganja. "Njoo hapa, bibi harusi. Nani kakusuka? Huyo aliyekusuka ana haraka ya kwenda wapi?"

Mtoto alitoka chini ya meza, akaenda, akakaa. Niliandika dakika.

Nieleze kazi yetu ilikuwa nini. Katika jengo la nyuma la kliniki ya watoto, Daktari alikuwa akitafuta jibu la swali moja: watoto wawili wadogo wanapocheza na kuelewana, kuna nini kinachotokea katika ubongo wao? Ubongo hutoa umeme hafifu sana, nao hupanda na kushuka kama mawimbi. Ukimvisha mtoto kofia ya kitambaa yenye vifungo thelathini na viwili vya chuma, kila kimoja na waya wake na tone la jeli chini yake, mawimbi hayo huchorwa kwenye kompyuta. Daktari aliwavisha watoto wawili kwa mpigo, wa miaka minne au mitano, akawakalisha kwenye meza ndogo wakitazamana. Kwanza walitulia dakika tatu wakiangalia picha ya samaki. Kisha walipewa matofali ya mbao wajenge. Mwishoni mimi nilipita karibu na meza na kuangusha kopo la penseli la mmoja wao, kwa makusudi, ili tuone kama mwenzake atamsaidia kuokota. Baada ya wiki mbili watoto waliamini kabisa kwamba mimi ni mzee nisiyeona vizuri, na baadhi yao walinishika mkono kunivusha mlangoni.

Daktari na Fundi wa mitambo walikaa chumba cha pili, nyuma ya kioo kinene, wakiangalia mawimbi. Mimi nilibaki na watoto, nikiandika kila nilichokiona na kukisikia, na saa yake: nani katoa tofali, nani kanyang'anya, nani kacheka, nani kapiga chafya.

Tatizo lilikuwa nywele. Mama anaambiwa, "Kesho mlete mwanao, tutampima kichwa." Mama gani atamleta mtoto kichwa kikiwa shaghalabaghala? Walikuja wamesukwa usiku huohuo, mistari imekaza, nywele zinang'aa mafuta kama sufuria mpya. Na kifungo hakishiki penye mafuta, wala hakifiki kwenye ngozi penye msuko. Kati ya vifungo thelathini na viwili tulikuwa tukipata kumi na tisa. Daktari aliwasihi kina mama wasiwasuke watoto. Wakaitikia vizuri, wakaja siku iliyofuata wamewasuka maradufu, maana sasa walijua daktari anakagua vichwa.

Ndipo muuguzi mmoja akamkumbuka msusi aliyekuwa akija kliniki kutibiwa miguu.

Bi Vitana alikuwa amesuka kwa miaka ishirini na sita katika kibanda cha viti viwili nyuma ya soko. Wateja walikaa, yeye akasimama. Mishipa ya miguu ilimvimba, na muuguzi alimwambia waziwazi: akiendelea kusimama kutwa, miguu itamgomea moja kwa moja. Kazi ya kwetu ilikuwa ya kukaa. Daktari alimpa miezi mitatu ya majaribio, na kama utafiti ungeongezewa miaka miwili, naye angeandikiwa mkataba. Wageni waliogharamia utafiti walikuwa wanakuja Ijumaa ya mwisho wa miezi hiyo. Kibanda chake alikuwa amekwisha kumwachia binti wa dada yake. Hakuwa na pa kurudi pa kukaa, palikuwa na pa kurudi pa kusimama tu.

Wiki ya kwanza aliichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akaikodolea macho. Kisha akaomba kalamu yangu. Akachora kichwa kwenye karatasi, akaweka nukta thelathini na mbili, akapitisha mistari katikati ya nukta.

"Daktari, mwanangu," akasema, "usiwakataze kusuka. Niwasuke mimi. Njia nitazipitisha pale vifungo vyako vinapokaa, misuko ipite pembeni. Mtoto akivaa kofia, kila kifungo kinakutana na ngozi yake."

Fundi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Shangazi, kumbe wewe ni mhandisi wa barabara!"

"Na wewe njoo nikusuke," akamjibu. "Ila sijui nitaanzia wapi, mji wako umehama." Fundi alikuwa na upara.

Tulipata vifungo thelathini. Siku nyingine thelathini na viwili vyote. Watoto walitoka na misuko mizuri ajabu, wala hakuna aliyelipa, na wiki ya tatu benchi la nje lilijaa kina mama ambao hatukuwaita. Mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na mitatu akaapa kwamba ana mitano, amekuwa mrefu tu.

Basi, mwezi wa tatu, Fundi alipiga ukelele nyuma ya kioo. Tuliona mdomo wake ukipanuka, sauti hatukuisikia. Akaja mbio.

"Yanatembea pamoja! Mawimbi! Ya huyu na ya yule! Yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, kama askari wa gwaride!"

Daktari aliangalia jozi baada ya jozi. Kati ya jozi kumi na nne ambazo vifungo vyote vilikuwa vimeshika, kumi na moja mawimbi yao yalikwenda sambamba. Na katika jozi hizohizo kumi na moja, kopo la penseli lilipoanguka, mwenzake aliinama kuokota. Daktari alimkumbatia Bi Vitana mpaka kitana kikaanguka.

"Ni mikono yako, mama! Hatukuwahi kuyaona haya kwa sababu kofia hazikukaa. Ijumaa wageni wataona wenyewe. Mkataba wako uhesabu umeshaupata."

Bi Vitana aliketi, akanyoosha miguu yake miwili mbele yake, akaitazama kama mtu anayewapa wanawe habari njema.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano alikwenda kutibiwa, na muuguzi akashika zamu yake. Watoto walikuwa wamesukwa jana yake na Bi Vitana mwenyewe, vifungo vilishika vyote, jozi sita zikapimwa. Hakuna hata jozi moja iliyotembea pamoja. Kila mtoto na mawimbi yake, kila mmoja na safari yake.

"Bahati mbaya tu," akasema Daktari, lakini alikuwa anauma kucha.

Nilikaa na daftari mchana ule, nikarudia kurasa zote tangu mwanzo. Mimi huandika hata visivyo na maana, na mara nyingi nimechekwa kwa hilo. Katika jozi ya kwanza nilikuwa nimeandika: "Feni inalia. Bi Vitana nyuma ya pazia anagonga kitana kwenye mguu wa kigoda." Jozi ya pili: "Bi Vitana anagonga." Ya tatu: "Anagonga. Mbili za haraka, kituo, moja." Nikahesabu. Jozi kumi na nne. Kumi na moja alikuwa akigonga. Zilizobaki tatu: mara ya kwanza alitoka nje kufumua nywele za mtoto mwingine, mara ya pili kitana kilianguka chini ya kabati, mara ya tatu alikuwa amempakata mdogo wa mmoja wa watoto, mikono yote miwili imejaa.

Hizo tatu ndizo zilizokataa kutembea pamoja.

Nilihesabu tena, kisha tena, na kila nilipohesabu ilitoka vilevile.

Alhamisi nilifika mapema. Bi Vitana alikuwa ameshafika, ameketi nyuma ya pazia anapokaaga endapo kofia itahitaji kurekebishwa, anapanga jeli na pamba.

"Bi Vitana," nikasema, "hivi unajua kwamba huwa unagonga?"

"Nagonga nini?"

"Kitana. Kwenye kigoda. Watoto wakiwa mezani."

"Mimi? Sigongi." Ko-ko, ko. "Kwanza kwa nini nigonge?" Ko-ko, ko.

Nikautazama mkono wake. Naye akautazama. Kitana kikasimama hewani.

"Ee," akasema polepole. "Ni ya kibandani hiyo. Mtoto akianza kutapatapa kwenye kiti, namgongea kidogo, anatulia. Miaka ishirini na sita, bwana. Mkono wenyewe hauniambii tena."

Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha kumi na moja na tatu. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza alifunga macho.

"Kwa hiyo si ubongo wao tu. Ni mimi nawachezesha ngoma."

"Huenda ikawa hivyo. Nyuma ya kioo hawasikii, na kamera haichukui sauti. Tunaojua ni mimi na wewe."

"Na kesho ni Ijumaa."

"Ndiyo."

Alinyoosha miguu, akaiangalia muda mrefu. Bandeji mpya ya jana ilikuwa nyeupe pe. Sikumwambia afanye nini. Angeniambia ninyamaze, sijui ningefanyaje, nashukuru hakuniambia. Alikamata kitana, akajiinua kwa kuushika ukuta, akavuka chumba, akagonga mlango wa Daktari. Mara hii kwa ngumi.

"Mwanangu," nilimsikia akisema, "keti kwanza. Nimekuharibia kazi."

Daktari alisikiliza amesimama. Kisha alisoma daftari langu, kurasa zote, naye akaketi mwenyewe bila kuambiwa.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimepima mlio wa kitana."

Fundi akaweka kikombe chake cha chai chini. Bi Vitana akakiweka kitana juu ya meza, mbele ya Daktari, kama mtu anayerudisha funguo. "Nitafungasha vitu vyangu. Watoto wa leo niliwasuka jana jioni, kofia zitakaa. Muuguzi atakuvishia tu."

Alikuwa ameshageuka, ameshika kitasa, Daktari aliposema, "Ngoja."

Alikuwa anakitazama kile kitana. Alikigusa. Akakigonga mezani, taratibu: ko-ko, ko. Halafu macho yakamtoka.

"Ngoja, ngoja, ngoja! Mzee wa Daftari, jozi kumi na moja za kugongewa, wangapi waliokota penseli za wenzao?"

"Wote kumi na moja."

"Na zile tatu?"

"Mmoja tu."

"Na za jana, sita?"

"Wawili."

Daktari aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Mnaona? Hatukupima tulichodhani tunapima, lakini tumepima kitu! Wakisikia mdundo mmoja, wanatulia pamoja, na wakitulia pamoja wanasaidiana? Sijui! Sijui, nyie, lakini leo naweza kujua zaidi kidogo! Tuna jozi ngapi leo?"

"Nane," akasema Fundi, naye ameshasimama.

"Nne za kitana, nne za kimya. Turushe sarafu, asichague mtu. Mama, rudi kwenye kigoda chako!"

"Si nimekuharibia?"

"Umeharibu, na utatengeneza. Kaa!"

Sijawahi kuona siku iliyokwenda mbio kama ile. Fundi alipigilia msumari ukutani, futi sita kutoka kwenye kigoda: kwa jozi za kimya, kitana kilining'inia pale. Sarafu ikarushwa. Jozi ya kwanza, kimya: mawimbi kila moja na lake, penseli zikaanguka, mwenzake akaendelea kujenga. Ya pili, kitana: Fundi alikuja kwenye kioo akatuonyesha vidole viwili vilivyoshikana. Sambamba! Penseli zikaanguka, mtoto akazirukia kama zake. Ya tatu, kitana: sambamba. Ya nne, kimya: hakuna kitu. Katika jozi za kimya Bi Vitana alikalia mikono yake, kwa maana ya kukalia hasa, chini ya mapaja, na jasho likimtoka kwa kujizuia.

"Hii ni adhabu," alininong'oneza. "Afadhali mngenifunga kamba."

Saa nane mchana tulikuwa na jozi saba. Za kitana nne: tatu sambamba, moja mashaka. Za kimya tatu: hakuna. Ikabaki jozi moja, ya kimya, nayo ilikuwa ya Kimya na Ngurumo.

Hayo hayakuwa majina yao. Ndivyo tulivyowaita sisi wakubwa. Kimya alikuwa binti wa miaka minne na nusu. Mama yake alituambia kwamba huko shule ya chekechea hajamsemesha mwenzake hata mmoja tangu aanze, na mwalimu ameshakata tamaa naye. Ngurumo alikuwa mvulana mnene wa miaka mitano aliyedhani kila tofali duniani ni lake. Walikuwa wameketi pamoja mara moja tu, wiki mbili kabla, na siku hiyo kitana kiligonga.

Dakika tatu za samaki zikapita. Nilimwona Fundi nyuma ya kioo akitikisa kichwa: kila mmoja na lake. Matofali yakamwagwa. Ngurumo akayazoa yote kwa mikono miwili. Kimya akabaki na tofali moja, dogo, la bluu. Akaangalia kuta. Akaangalia kitana kilichoning'inia kwenye msumari. Akakiangalia kwa muda, kisha akalishika tofali lake wima na kuligonga mezani.

Ko-ko. Kituo. Ko.

Nyuma ya pazia Bi Vitana alinisukuma kwa bega, mikono bado chini ya mapaja.

Ngurumo aliacha kuzoa. Alimtazama Kimya kwa mashaka, kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Kimya akagonga tena. Ngurumo akaokota tofali kutoka kwenye mlima wake, akajibu: ko-ko, ko. Kimya akacheka. Ngurumo akacheka kwa ngurumo yake. Wakagonga pamoja, mara ya tatu, ya nne, ya kumi, vichwa viwili vilivyosukwa vizuri vikitikisika chini ya nyaya, na kioo kikaanza kutetemeka kwa sababu Daktari alikuwa anakipiga kwa viganja vyote viwili.

Nilijikongoja nikaangusha kopo la Ngurumo. Penseli zikatawanyika mpaka chini ya kabati. Kimya aliteleza kutoka kwenye kiti, nyaya zikamfuata, akaingia chini ya meza, akatoka na penseli nyekundu. Akamnyooshea.

"Yako hii," akasema.

Nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi kidogo, mama yake alisimama, akaketi, akasimama tena.

Daktari aliingia kwa kishindo, moja kwa moja mpaka kwenye pazia la Bi Vitana. "Mama, jozi hii ilikuwa ya kimya! Ya kimya! Wameniharibia tena!" Alikuwa anacheka machozi yanamtoka. "Wamejigongea wenyewe! Fundi, umeona mawimbi?"

"Gwaride!" Fundi alikuwa anarukaruka mlangoni. "Gwaride kamili!"

"Si mimi jamani," akasema Bi Vitana, na kwa ushahidi akachomoa mikono yake yote miwili kutoka chini ya mapaja na kuiinua juu.

Ijumaa wageni walikuja wanne. Daktari hakuwaficha kitu. Aliwaonyesha zile kumi na moja, akawaeleza kwamba ni kosa, na la nani, na kwamba hili la jana ni la siku moja, watoto wachache, halithibitishi chochote bado. Kisha akawaonyesha kitana. Mgeni mmoja, mzee wa miwani, aliomba akishike, akajaribu kugonga mkono wa kiti chake, akakosea kituo. Bi Vitana alivumilia mara mbili. Ya tatu akamwambia, "Baba, hebu nipe," akamwonyesha.

Walituuliza maswali mpaka saa saba. Waliomba daftari langu wakalipitisha mkono kwa mkono. Walipoondoka, Daktari alifungua bahasha waliyomwachia.

"Miaka miwili," akasema. "Sharti lao moja: kila kinachogonga, kinacholia na kinachokohoa kiandikwe."

Wote wakanigeukia. Nikaandika hilo pia.

Mkataba wa Bi Vitana uliletwa siku hiyohiyo. Palikuwa na nafasi ya cheo, na Daktari akashika kalamu. "Tuandike msaidizi wa maabara? Au mtaalamu wa kofia?"

"Andika msusi," akasema Bi Vitana. "Nikiulizwa nijue najibu nini."

Alitia sahihi akiwa ameketi, miguu imenyooshwa juu ya kiti cha watoto. Kisha akakiangalia kitana kwenye msumari, futi sita mbali, akamwangalia Daktari.

"Jozi ya kwanza Jumatatu," akauliza, "ya kitana au ya kimya?"

Daktari akatoa sarafu.